Kikopo Kisicho na Jina

Kwa miaka thelathini na mmoja Baukje Postma alipokea mikojo ya watu wa Franeker pale mapokezi ya kliniki, na aliwajua kwa vyombo vyao. Waliileta kwenye chupa za haradali na za achari, maana katika mji ule kutupa chupa nzima ni dhambi. Mzee Durk alileta wake kwenye chupa ya jamu iliyosuuzwa juujuu. Kijiti cha kupimia mkojo kikaonyesha sukari, na maskini Durk akakaa wiki tatu bila biskuti yake ya saa nne, akiaga majirani, mpaka Baukje alipoinusa ile chupa na kugundua sukari ilikuwa ya jamu.

Tangu hapo akabandika tangazo: kikopo cha kliniki tu, chenye jina na tarehe ya kuzaliwa, kisicho na jina kinamwagwa. Waliokuja wakinong'ona aliwakatiza.

"Sauti, tafadhali! Usione haya. Mkojo ni mkojo tu."

Wote waliokaa kwenye benchi walisikia. Baukje hakuona tatizo.

Jumanne moja asubuhi, chooni kwake, chini ya kalenda ya siku za kuzaliwa za ndugu, ambayo watu wa huko huitundika chooni, alitazama chini akaona wekundu kwenye mkojo wake. Jina la dada yake Hiske lilikuwa bado limo kwenye kalenda ile, ingawa Hiske mwenyewe alikuwa makaburini. Hiske naye alianza hivyohivyo, akanyamaza mpaka akachelewa.

Bingwa wa mikojo ya wenzake akaogopa kama mtoto. Alikinga kwenye kikopo, akakificha nyuma ya vingine katika friji ya kliniki, bila jina, akipanga kukipima mwenyewe wenzake wakila. Mkojo ni mkojo tu, lakini huu ulikuwa wake.

Saa sita hakukikuta.

"Femke, kulikuwa na kikopo huku nyuma."

"Kile bila jina? Nimemwaga!" Msaidizi wake alijaa fahari. "Si wewe ulinifundisha, Bi Baukje? Kilikuwa chekundu hicho! Mwenyewe akija, nitamsema mpaka akome."

"Umefanya vizuri," Baukje akasema, akaifunga friji.

Kesho yake alikuja bila koti jeupe, akapanga foleni. Vikopo vilikuwa vimemwishia nyumbani, na kuomba kingine aliona aibu. Mkononi alishika chupa ya haradali, kaichemsha mara mbili. Femke alicheka, akidhani ni mzaha. Kisha akaona rangi.

"Jina na tarehe ya kuzaliwa," akasema polepole.

Baukje akanong'ona.

"Sauti, mama!" Mzee Durk akapaza kutoka kwenye benchi. "Huku nyuma hatusikii!"

Benchi zima likaangua kicheko. Walikuwa wameingoja siku hiyo miaka mingi.

Baukje akageuka, akawatazama wote. "Baukje Postma. Tarehe tisa Machi, hamsini na tisa. Na ni damu."

Kicheko kikakatika. Femke akaliandika jina lote kwenye lebo. Durk akasogea, akaipigapiga nafasi kando yake.

"Njoo ukae hapa, Baukje," akasema, safari hii kwa sauti ya chini kabisa. "Usione haya."