Joto la Kuanzia Alhamisi

Nyumba yangu ya Laeken, huku ughaibuni, ni ya matofali mazito, ilijengwa kabla baba yangu hajazaliwa. Tuliinunua mimi na mke wangu tukiwa bado na nguvu, na tulidhani ukuta mnene ni ukuta wa joto. Mtaalamu wa nishati aliyetumwa na komini, halmashauri ya hapa kwetu, alinicheka kwa adabu. Alisema ni tofali tupu toka barabarani mpaka sebuleni, katikati hakuna nafasi wala kitu cha kuzuia, na joto ninalolipia linakwenda kupasha barabara. Nikamwuliza kama barabara inaweza kunichangia bili. Hilo halikumchekesha.

Mke wangu alipofariki, miaka minne sasa, niliacha kuwasha shofaji, yale mabomba ya kupasha nyumba joto, nikahamia jikoni. Nina kiti, redio, na kofia ya sufu ninayolala nayo. Bili ilipungua nikafurahi kama mjinga, maana na watu walipungua pia. Marafiki zangu wa toka Bujumbura, nao wakaazi wa huku, walizoea kuja baada ya sala ya Ijumaa. Wakaanza kukaa na makoti yao mwilini, kisha kukaa nusu saa, kisha kupiga simu tu. Sikuwalaumu. Kusema kweli niliwalaumu, ila kimoyomoyo.

Binti yangu, mtoto wetu wa pekee, anakaa Ixelles, upande mwingine wa mji, karibu na Flagey, katika apatimenti iliyobanwa na majirani juu, chini na ubavuni, hata hahitaji kuwasha sana. Anahudumia wazee katika nyumba ya kulelea wazee, na ana mtoto wa kike wa miaka sita mwenye pumu. Majira ya baridi yaliyopita walimpa zamu za Jumamosi. Akanipigia simu Jumatano.

“Papa, bon, samedi mutoto anaweza kulala kwako? Kama inaenda muzuri, atakuya kila quinze jours. Lakini nyumba ikuwe na joto, hein. Unajua pumu yake.”

“Mama,” nikamjibu, “itakuwa na joto mpaka mukimbie.”

Kila wiki mbili! Niliyarudia maneno hayo kwa sauti pale jikoni, na aliyenisikia ni friji peke yake. Nilinunua shuka zenye picha za ndege, nikatandika kitanda kidogo katika chumba cha mbele, ubavu kwa ubavu na ukuta wa barabarani.

Shofaji sikuigusa Jumatano, wala Alhamisi, wala Ijumaa. Kwetu Buyenzi, mtaa wa Bujumbura nilikokulia, mtu hawashi mbabura, lile jiko letu la makaa, mpaka mgeni awe ameshafika. Makaa yanayowaka bila mtu wala chungu ni ufujaji, na mama yangu alituchapa kwa hilo. Jumamosi saa moja asubuhi nikazungusha kidude cha shofaji mpaka mwisho, mabomba yakaanza kugonga, nikasugua mikono. Saa nne walipobisha hodi, hewa ya sebuleni ilikuwa moto. Binti yangu alivua koti, akanibusu, akaenda kazini ametulia.

Mchana ulikuwa mzuri. Tulipika ndizi na maharage, na mjukuu wangu akanifundisha kuhesabu kwa Kiflamandi, akinicheka kila nilipofika saba. Sikumbuki mara ya mwisho kicheko kilisikika katika nyumba ile. Jioni nilimlaza, na haikupita robo saa akaanza kukohoa.

Mama yake alipotoka kazini alipitia kutuona. Aliweka kiganja ukutani, juu kidogo ya mto, akakitoa haraka kwa baridi.

“Papa, uliwasha lini?”

“Leo asubuhi. Si mulikuwa munakuya leo?”

“Ah, papa. Maman alikuwa anawasha toka jeudi. Hizi nyumba, ukuta ndio unakula joto kwanza. Watu, nyuma.”

Nilikuwa nimeyaona hayo kwa miaka, tena kwa macho yangu. Wageni wakitarajiwa Jumapili, mke wangu aliwasha Alhamisi, nami nikamwita mfujaji. Akienda sokoni nilikipunguza kile kidude kwa siri, akirudi alikipandisha bila neno. Labda alinieleza, mimi nikiwa nimeshaanza kupiga kelele. Niliona aibu mbele ya binti yangu, na uchungu kwamba wa kuombwa radhi hayupo.

Alimvisha mtoto koti juu ya nguo za kulalia. “Si kosa yako, papa. Tutaona,” alisema, akaongeza kwamba Jumamosi nyingine mtoto atakaa na jirani yake. Mtoto alinipungia mkono kutoka kwenye teksi, bado anakohoa.

Sikuzima. Jumapili nzima iliwaka, mimi nikiwa nimenuna jikoni. Jumatatu asubuhi niliingia chumba cha mbele kutoa shuka, nikaegemea ukuta ili niiname, na ukuta ulikuwa vuguvugu. Nikaupapasa wote, toka sakafuni hadi mkono ulipofika. Nikakimbilia simu.

“Mama, mukuye! Nyumba imepata joto, hata ukuta!”

“Papa, leo ni lundi. Mutoto yuko ku masomo.”

Nikamwambia haya, kazi njema. Nikarudi chumbani, nikavua viatu na kofia, nikajikunja kwenye kile kitanda kidogo, mgongo ukutani. Joto lilikuwa zuri sana, lingetutosha sote watatu, nami nikalia.