Hodi Kwenye Redio ya Gari

Haya ninayokusimulia yamenipata mimi mwenyewe, si ya kuambiwa. Ukitaka kucheka, cheka sasa.

Mimi ni mwanamke wa Mombasa. Kazi yangu ni kutunza wazee majumbani mwao hapa London, kwa hiyo kutwa niko garini, natoka nyumba hii naingia ile. Mume wangu ametangulia mbele ya haki. Binti yangu Zuhura amezaliwa huku. Kiswahili anakisikia, lakini hunijibu kwa Kiingereza, na kuja kwangu ni kwa nadra. Upweke, wallahi, ulikuwa unanila.

Gari langu lilitoka Japani, na redio yake haikushika stesheni za huku. Nikalipeleka kwa fundi wa Southall, Kalasinga mzaliwa wa Nakuru, Kiswahili chake safi. Akaniambia skrini ya gari hataigusa. Atachomeka kisanduku cha redio ya dijitali nyuma yake na kubandika antena kwenye kioo cha mbele. Alipomaliza, majina ya stesheni yakajipanga kwenye skrini ile ile. Mstari mmoja tu ulikuwa mtupu. Fundi akasema labda ni stesheni iliyofungwa, nisiujali.

Ningeuacha kweli? Jioni moja ya baridi, magharibi ndiyo inaingia, nilikuwa nimeegesha Kingsbury nikisubiri mzee ninayemtunza arudishwe kutoka hospitali. Nikaubonyeza. Kimya. Kisha sauti ya mwanamke, taratibu kabisa:

"Hodi."

Niamini, mdomo ulijibu kabla ya akili. Huku watu hubonyeza kengele. Ni miaka mingapi sijabishiwa hodi? Nikasema, "Karibu." Tena kwa furaha. Nikasahau tulivyofunzwa utotoni, kwamba magharibi huitikii hodi ya usiyemwona.

Papo hapo kengele ya mkanda ikaanza kulia, ile inayolia abiria akikaa bila kujifunga. Kiti cha pembeni yangu hakikuwa na mtu, lakini kilikuwa kimebonyea.

"Ahsante," redio ikasema. "Nimebisha sana mji huu. Wewe ndiye wa kwanza kunikaribisha. Haya, twende kwetu."

Nilitoka mbio, mlango nimeuacha wazi, nasoma Ayatul Kursi huku naruka maneno. Niliogopa, ndiyo. Lakini pia nilimwonea huruma, na hilo ndilo linalonitisha mpaka leo.

Kesho yake fundi akaking'oa kile kisanduku. Haikusaidia. Nikiwa garini magharibi, kengele hulia mpaka nikifunge mkanda kile kiti kitupu. Na jioni, mlangoni kwangu, husikia hodi. Sijibu.

Mwezi uliopita hodi ilikuja kwa sauti ya Zuhura. Zuhura, ambaye hajawahi kubisha hodi maishani mwake? Nikajua yule mwanamke keshajifunza sauti ya mwanangu. Nikazima taa, nikakaa gizani mpaka akachoka.

Asubuhi simu ikalia. Ni Zuhura, na Kiswahili chake cha kuokoteza.

"Mama, jana mimi nilikuja. Nilisema hodi, vile wewe unapenda. Kwa nini hukunijibu?"

Nikamwambia nililala mapema. Hajaja tena.

Basi wewe unayeishi peke yako ugenini, ukisikia hodi na humwoni anayebisha, funga mdomo wako, hasa kama una hamu ya kujibu. Mimi ile 'karibu' yangu nilimpa nisiyemjua, na mwanangu alipokuja kuitaka akaikosa.