Chemchemi Safi na Chemchemi Yao

Siku yangu ya kwanza ya kazi ya ukalimani nilishuka Same kwa basi la asubuhi, nimevaa gauni la kuazima. Mhandisi Mkuu wa mradi wa maji, Mbelgiji asiyejua Kiswahili, aliniuliza Kifaransa nilijifunza wapi. Nikamjibu, kwa masista wa Kigoma. "Vizuri. Twende mlimani." Mafunzo ya kazi yaliishia hapo.

Enzi zile hata sabuni tuliipangia foleni. Mabomba yalikuwa ya msaada. Huko Upare vijiji viwili viligombania chemchemi moja, na Mhandisi alikuwa amegundua ya pili. Kwenye mkutano wa vijiji hivyo akasema: "Chaque village aura sa propre source." Mkalimani husema papo hapo, hana nafasi ya kufungua kamusi. *Source* nilijua ni chemchemi; nikasikia *propre*, nikakumbuka "safi", nikatangaza: "Kila kijiji kitapata chemchemi safi."

Mzee mmoja akasimama. "Binti, kwa hiyo yetu ni chafu? Tunayokunywa tangu enzi za babu zetu?"

Akaondoka, na watu nyuma yake. Bila wao hapakuwa na msaragambo, kazi ya pamoja ya kuchimba mitaro. Na bila mitaro, mabomba yangepelekwa kwingine.

Nilipomweleza Mhandisi nilichotangaza, hakufoka. Aliandika kwa kidole kwenye vumbi la gari: *propre source*, *source propre*. "*Propre* likitangulia nomino, maana yake ni yao wenyewe. Likifuata, ndiyo safi." Kwetu kivumishi kama hicho hukaa nyuma ya nomino, kumbe Kifaransa hukihamisha, na maana huhama nacho.

Kesho yake nilipanda kwa miguu hadi kwa yule mzee.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba."

"Jana nilikosea mimi, si mgeni. Alisema kila kijiji kitakuwa na chemchemi yake. Hakuna kugombana tena."

Akanisogezea kigoda. "Ungesema hivyo jana, tungekuwa tumeshaanza kuchimba." Akanikaribisha uji.

Jumatatu watu walijaa na majembe. Miaka ikapita, biashara ikafunguliwa, maduka ya Same yakajaa bidhaa, nami nikawatafsiria wakubwa wengi, hadi Mkurugenzi mmoja aliyeongea bila kupumua.

Sasa nimestaafu, na nimeridhika. Vijana wanaokuja kujifunza kwangu huuliza ni lini hasa nilipata kuwa mkalimani. Si siku ile ya basi. Ni asubuhi ile niliposhuka kutoka kwa mzee, tumbo limejaa uji, nikiwa nimeshasema kwamba nilikosea.