Mstari wa Arobaini na Mbili

Gatwiri alikuwa mwoga, na hakuona haya kulisema. Aliogopa mbwa, aliogopa ngazi, aliogopa barua yoyote iliyotoka kwa wakubwa. Waliomjua mjini Meru walishangaa kwamba mtu huyo ndiye aliyelinda chumba cha kumbukumbu za serikali kwa miaka thelathini na mmoja.

Lakini ndani ya chumba kile alikuwa simba. Kila aliyeingia kusoma, awe profesa au muuza miraa kutoka Muthara, aliandika kwenye daftari la wasomaji jina lake, namba ya faili na sahihi. Kunakili kwa mkono kulikuwa bure. Ukimaliza, Gatwiri alilinganisha nakala yako na faili neno kwa neno, akaipiga mhuri, akaandika pembeni tarehe na namba ya mstari wako. Nakala isiyo na mstari daftarini, alikuwa akisema, ni karatasi ya kufungia nyama. Ukikunja ukurasa alikufukuza. Siku moja alimfukuza padri.

Jumatano moja ikaja barua. Kuanzia Jumatatu chumba kingefungwa kwa umma, faili zipelekwe stoo kupangwa upya, na mwenye kutaka kusoma aombe kibali kwa mkuu wa ofisi, Bwana Riungu. Gatwiri alianza kuisoma akiwa amesimama, kisha akatafuta kiti. Faili nyingine zilipelekwa stoo kupangwa miaka tisa iliyopita. Mpaka leo zinapangwa.

Alijua pia ni faili gani iliyokuwa ikiwindwa. Ilikuwa nyembamba, karatasi moja ya maana ndani yake: majina thelathini na sita ya watu waliopewa viwanja vya Majengo zama za ukoloni. Wajukuu wao hawana hatimiliki. Orodha ile ndiyo ushahidi wao wote. Sasa kulikuwa na tajiri aliyetaka kujenga ghorofa palepale, na gari lake jeupe lilikuwa limeonekana mara tatu nje ya ofisi ya Riungu. Mzee Abdishakur, mwenye bucha Majengo, alikuja kila Jumanne kusomewa jina la babu yake, maana macho yake hayakuona tena maandishi. Akishasikia, aliitikia kama anayesalimiwa, akaenda zake.

Gatwiri alikuwa amebakiza miezi kumi na minne astaafu. Alijiambia kwamba yeye ni karani tu, kwamba mkono mtupu haulambwi, kwamba mkubwa ni mkubwa. Alhamisi saa ya chakula akajikuta buchani, akiagiza matumbo asiyoyataka. Alimwambia Mzee Abdishakur kwamba kesho chumba kitakuwa wazi mpaka saa kumi na moja, na kwamba ni siku ya mwisho.

Ijumaa, Riungu akiwa mkutanoni Embu, watu wa Majengo walitoka msikitini wakaja moja kwa moja, arobaini na mmoja, wamebeba madaftari ya shule. Sahra, binti wa mzee, alisoma orodha polepole kama mwalimu wa imla, na wote wakaandika, wapishi na madereva na kina mama wenye vioski. Gatwiri alilinganisha na kupiga mihuri huku akisikia kila gari lililopita barabarani kuwa la bosi wake.

Walipoondoka, aliliangalia daftari na moyo ukampasuka. Mistari arobaini na mmoja, siku moja, faili moja, na mhuri ni wake. Mtoto mdogo angejua ni nani aliyewaita. Akaushika ukurasa kwa vidole viwili. Kuuchana kungekuwa kazi ya nukta moja, na nakala zote zile zingegeuka karatasi za nyama. Mali bila daftari huisha bila habari. Akauachia. Kisha, bado akiogopa, akakaa upande wa wasomaji, akanakili orodha kwa mkono wake, na kwenye mstari wa arobaini na mbili akaandika jina lake mwenyewe.

Jumatatu Riungu alilifungua daftari mezani, akasoma, akafunga mlango.

"Mama Muthomi, umebakisha mwaka tu uende nyumbani," alimwambia Gatwiri taratibu, akimwita kwa jina la mwanawe. "Toa hii ukurasa wewe mwenyewe. Tutasema hizo nakala ni feki, na hii maneno iishe."

"Siwezi, bosi. Naogopa."

"Unaogopa nini?"

"Wewe. Nakuogopa sana." Alijishikilia kwenye meza. "Lakini kila nakala iko na namba yake. Ukitoa hiyo ukurasa wewe, mimi ndiye nitaulizwa. Na nikiulizwa nitasema."

Riungu akashuka na kidole mpaka mstari wa mwisho, akauliza nakala ya mtu huyo iko wapi. Kisha akamnyooshea Gatwiri kiganja, naye Gatwiri akatoa ufunguo aliouvaa shingoni kwa kamba miaka yote ile. Daftari lilibaki mezani, chini ya mkono wa Riungu.

Alitembea mpaka Majengo akigeuka nyuma kila hatua kumi. Buchani, karibu na bei ya matumbo, nakala yake mwenyewe, aliyoileta Ijumaa jioni, ilikuwa imebandikwa ukutani chini ya nailoni, na wateja waliisoma wakingoja zamu.

"Ni wewe, binti yangu?" Mzee Abdishakur aliuliza. "Leo si Jumanne, lakini nisomee."

Alikuwa amefika jina la tatu gari jeupe lilipokuja polepole na kusimama mbele ya bucha. Akashusha sauti. Watu waliokuwa kwenye foleni wakasogea karibu naye ili wasikie vizuri. Gatwiri akarudi juu ya orodha, akaanza upya jina la kwanza, kwa sauti ya kumfikia aliye ndani ya gari.