Akiba Iliyoitwa Fidia

Nilianza kazi ya ukarani mjini Kasese miaka michache baada ya Uhuru, asubuhi ya Jumatatu, nikiwa nimevaa sketi ya kaki iliyoshonwa kutoka suruali kuukuu ya baba. Baba alikuwa sajenti wa polisi, mtu wa Teso, nasi watoto wake tulikulia kambini hukohuko Kasese pamoja na watoto wa kila pembe ya Uganda, tukisema Kiswahili cha amri na cha mpira. Ofisi niliyoingia ilikuwa ya mfuko wa akiba ya wafanyakazi. Kila mwezi mwajiri alikata sehemu ndogo ya mshahara wa mtu, akaongeza ya kwake, akatuletea, nasi tukaitunza mpaka mtu yule azeeke, aumie au afe. Kueleza ni rahisi. Kufanya ndiko kulikonitoa jasho.

Nilijiona msomi. Karani Mkuu, mzee mwembamba wa Maliba ambaye hakuvua tai hata kwenye joto la Kasese, aliniagiza nimtolee kadi ya Bwambale. Nikavuta droo. Akina Bwambale walikuwa wamejaa humo toka mbele hadi nyuma. Niliwatoa wote, nikawapanga mezani, nikakaa nikiwatazama mpaka chai ikaletwa. Mzee aliniacha niteseke kwanza, maana hiyo ndiyo ilikuwa njia yake ya kufundisha.

"Binti Sajenti," akasema alipotosheka, "huku kwetu jina halikwambii mtu ni nani. Linakwambia tu alizaliwa wa ngapi."

Hapo ndipo nilipoelewa utaratibu wa Wakonzo, ambao nilikuwa nimekaa nao miaka yote bila kuuliza. Mtoto wa kiume wa kwanza ni Baluku, wa pili Bwambale, wa tatu Masereka, wa nne Kule. Wasichana nao wana mpango wao: Masika, Biira, Kabugho, Mbambu. Kila nyumba yenye wavulana wawili ina Bwambale wake. Makanisa yalikuja na majina ya ubatizo, lakini nayo hayakuwa mengi, kwa hiyo akina Bwambale Yosefu peke yao wangejaza basi. Karani Mkuu alikuwa na dawa yake. Kwenye kila kadi tuliandika jina, kisha jina la mama, na kwenye pembe ya juu, kwa wino mwekundu, mlima alikotoka mtu. Asiye na mlima hakuingia kwenye droo. Nilimwona akiirudisha barua ya bosi wa kampuni kubwa kwa sababu hiyo tu, akaketi akala muhogo wake kwa utulivu.

Nilifanya kazi chini yake miaka sita. Siku za mishahara tulipanda bonde la Kilembe, kwenye mgodi wa shaba, kulinganisha kadi zetu na nakala ya mwajiri, yaani daftari ambalo kampuni ilitakiwa kuliweka, mstari kwa mstari, mimi nikisoma na karani wao akifuata kwa kidole. Mzee alipostaafu nilipelekwa Bwera kuwa Karani wa Tawi. Tawi lenyewe lilikuwa chumba kimoja chenye meza, taipureta, sponji ya wino ya kutilia alama za vidole, na kabati la chuma lenye kadi za watu wote wa upande ule wa mpakani.

Hapo serikali ilikuwa imekwisha kuwa ya wanajeshi. Tulipewa Meneja aliyekuwa kapteni, mtu mkubwa, mpole kuliko alivyoonekana, ambaye tulimwita afande. Ukaguzi wake wa vitabu ulikuwa mfupi.

"Pesa iko?" aliuliza.

"Iko, afande."

"Hapana potea." Kisha akaondoka.

Wafanyakazi hawakuridhika kwa maneno machache hivyo. Duka lilikuwa tupu, noti ilikuwa haina nguvu, na watu walisikia habari za mabosi waliolala matajiri wakaamka hawapo. Wakawa wanakuja Bwera siku za soko, wanaume wazima, wakiomba kuonyeshwa kadi zao. Hawakuja kuchukua kitu, walitaka kuiona tu. Mmoja wao alikuwa Bwambale Yosefu, mwana wa Kabugho, mfanyakazi wa mgodini, mtu wa utani, ambaye kila alipoiona kadi yake aliiuliza kama imekula. Mimi nilicheka kila mara, hata utani ulipozeeka.

Mwaka ule serikali ya wanajeshi ilipoanguka, askari wake walikimbilia mpakani kupitia Bwera. Walifika siku ya soko. Nilisikia malori, kisha milio, nikalala chini ya meza uso ukiwa sakafuni. Nilipotoka, watu walikuwa wamelala kati ya mihogo na vikapu vya dagaa, na Bwambale wetu alikuwa mmoja wao. Mpaka leo wazee wa Bwera hubishana kama waliopiga ni waliokuwa wanakimbia au waliokuwa wanawafuata. Sikuona, kwa hiyo sisemi. Nilichoona ni akina nani waliokufa, na hakuna hata mmoja aliyekuwa na bunduki.

Serikali mpya ilipotulia, neno lililokuwa midomoni mwa watu wote ni fidia. Nani atawalipa wafiwa? Kwenye kila mkutano wengine walisema serikali ni serikali, iliyoondoka na iliyoingia deni ni moja. Wengine walisema tushukuru kwa uhai tuliobakiza na tuache kuwaudhi wageni wetu, wale askari waliotukomboa. Mbambu, mjane wa Bwambale, alikuwa hakosi mikutano hiyo. Alikaa nyuma na maharage yake ya kuuza. Ofisini kwangu alikuwa amejaza fomu ya warithi, lakini fomu ile ilidai hati ya kifo yenye muhuri, na siku ile ya soko hapakuwa na daktari wala polisi wa kuandika chochote. Faili lake likakwama. Alikuwa na watoto wanne.

Ndipo akaja Afisa wa Wilaya mpya, kijana msomi aliyerudi kutoka ughaibuni. Nataka nimtendee haki. Hakuwa mwizi. Aliona wajane wenye njaa, aliona mikutano inayozidi joto, akaona na kabati langu lililojaa akiba za marehemu. Akatoa amri kwamba warithi wa waliouawa walipwe mara moja bila hati ya kifo. Nilitaka kumbusu mkono. Kisha akanipa karatasi ya kupiga chapa, ile ambayo kila mjane angetia kidole kabla ya kupokea bahasha. Iliandikwa kwamba amepokea fidia ya serikali kwa kifo cha mume wake katika vita, na kwamba yeye na watoto wake hawana dai jingine lolote.

Niliisoma mara mbili. Fedha ilikuwa akiba ya Bwambale, iliyokatwa kwenye mshahara wake tangu ujana. Karatasi ilisema ni serikali inamlipia damu yake. Yaani marehemu alikuwa anajilipia kifo chake mwenyewe, na mkewe anafunga mlango kwa kidole chake.

Nilimwambia Afisa, kwa adabu, kwamba labda pangekuwa na karatasi mbili. Akasema mambo yasicheleweshwe. Halafu akaitazama orodha yangu na kuuliza mama na milima ni ya nini, jina na jina la ubatizo yanatosha, futa hayo mengine, karatasi imeadimika. Sasa nitasema jambo ambalo sikulisema kazini. Nilipaswa kukataa. Lakini kadi yangu mwenyewe ilikuwa kwenye mfuko uleule, na nilikuwa nimeona watu wakifutwa kazi na kadi zao zikipotea siku hiyohiyo. Niliogopa. Nikapiga chapa karatasi, na nikapiga chapa orodha isiyo na mama wala mlima.

Mkutano ulifanyika uwanjani kwa gombolola, chifu wa tarafa yetu, saa nne asubuhi, watu wamejaa hadi barabarani. Nilikaa mezani na sponji yangu ya wino, Afisa akasimama kusoma majina. Jina la kwanza lilikuwa Bwambale Yosefu.

Wakasimama wanawake watatu.

Watu wakacheka kidogo, kile kicheko cha wenyeji wakimwona mgeni akijikwaa palepale wanapojikwaa wageni wote. Afisa akanigeukia. Nikamweleza kwa sauti ya chini kwamba mwenye kadi ni mume wa Mbambu, yule wa mgodini. Akawaambia wale wawili wakae, hawamo. Mbambu akaja mezani, akabonyeza dole gumba kwenye wino.

Lakini mmoja wa wale wawili hakukaa. Mume wake alikuwa mchuuzi wa chumvi.

"Bwana yangu alikufia pale pale," akasema. "Siku moja, soko moja. Ile risasi iliuliza kadi?"

Kicheko kikakatika. Afisa akaanza kueleza kwamba kwa sasa wanalipwa wale ambao kumbukumbu zao ziko ofisini. Mzee mmoja akauliza fidia gani hiyo inayomjua mwenye kibarua na haimjui muuza chumvi. Mwingine akamjibu, waacheni walipwe hao kwanza, watoto wana njaa. Maneno yakarushwa huku na huku, na wakati wote huo Mbambu alikuwa amesimama mbele yangu, dole lake jeusi likiwa juu kidogo tu ya karatasi. Akanitazama mimi, si Afisa, akasema kwa Kiswahili cha ng'ambo ya mpaka, ambako pesa huitwa franga.

"Binti Sajenti, miye sijue kusoma. Hii franga iko ya serikali, ao iko ya bwana yangu?"

Ningeweza kusema amuulize Afisa. Jibu hilo lilikuwa mdomoni, tayari kabisa.

"Ni ya bwana yako, mama," nikasema. "Walimkata kila mwezi."

Uwanja wote ulisikia. Afisa akainama, akamwambia Mbambu kwa upole kwamba pesa ni pesa, atie kidole tu aende akalishe watoto. Mbambu alifuta wino kwenye kitenge chake, taratibu, akihakikisha umetoka.

"Ya jasho yake mulete na karatasi ya jasho, nitatia," akasema. "Ya kufa yake mulete na yake. Miye ntangoja."

Wajane wengine waliokuwa kwenye orodha wakarudi kukaa, isipokuwa wawili, waliotia kidole wakaenda zao, na hakuna aliyewalaumu. Afisa akafunga mkutano. Wiki iliyofuata nilipata barua ya uhamisho kwenda chumba cha mafaili Kasese, bila sababu, na huko nilikaa mpaka nilipostaafu. Nilipandishwa cheo mara moja tu, tena kwa makosa yaliyosahihishwa.

Msidhani kweli yangu ilimlisha mtu upesi. Mbambu alingoja karibu mwaka mzima. Alipata akiba ya mume wake kwa fomu iliyo sahihi baada ya mimi kutafuta saini moja baada ya nyingine, lakini kabla ya hapo watoto wake wakubwa wawili walikuwa wamekwisha acha shule, na mmoja hakurudi. Mjane wa muuza chumvi nilikutana naye njiani miaka kadhaa baadaye. Aliniambia bila hasira kwamba Afisa alikuwa amemwahidi kumtafutia chochote, na baada ya siku ile hakumtazama tena. Sijui kama angempa.

Nyinyi mnaoingia kazi hizi sasa mna mashine, na mashine haikosei Bwambale. Vizuri. Mimi nalipwa pensheni yangu, ndogo, haikawii, naila kwa amani kiasi. Lakini mfuko wa watu huweza kuibiwa bila shilingi kutoka kabatini. Inatosha kubadilisha maneno ya juu ya karatasi, na karani akae kimya.

Mbambu amekwisha fariki. Fidia ya mume wake haijalipwa, na binti yake bado huenda wilayani kuidai. Kila anapofika hufunguliwa faili, hutafutwa karatasi ya kuonyesha kwamba familia ilikwisha lipwa. Hukosekana, maana Mbambu hakutia kidole, na dai huendelea.