Shikamoo Niliyoitoa Ngumbo

Nina miaka sabini na mbili na kaburi langu silioni mbali, kwa hiyo sina sababu ya kukutungia. Mkono wangu wa kulia ungeweza kukupa ushahidi, lakini sitakuomba uunuse. Sikiliza tu.

Zamani, kabla sijarudi Mkumbi kulima kahawa, nilipuliza tarumbeta katika bendi moja ya dansi Songea. Sikuwa mbaya, wala sikuwa mzuri. Pombe ikanishusha jukwaani, na pombe hiyo niliinywa mwenyewe, hakuna aliyeniroga. Baadaye meno ya mbele yakaniacha, na bila meno ya mbele tarumbeta haipulizwi.

Mwaka juzi mjukuu wangu Editha, aliyekuwa mwaka wa kwanza chuoni, alikuja likizo na tarumbeta ya chuo. Walikuwa wanaunda bendi ya jazi. Nafasi ya tarumbeta ilikuwa moja, na usaili ulikuwa wiki ya kufungua chuo. Wote wangepiga wimbo uleule, ila katikati waliachiwa mahali patupu, kila mtu apige cha kwake, papo hapo, bila karatasi. Hapo ndipo Editha alipokwama. Akifika pale anatoa sauti tatu nne za woga, ananyamaza.

"Babu, mimi sina cha kwangu," aliniambia.

"Kipo. Kimelala tu."

Aliitaka sana nafasi ile. Na mimi, nisikufiche, niliitaka kuliko yeye. Nilitaka watu waulize: huyu binti kafundishwa na nani?

Majirani walipochoshwa na kelele, tukateremka ziwani, Ngumbo, kwa dada yangu. Kila mchana tulikwenda nyuma ya mawe makubwa, mbali na chanja za dagaa, mimi nikakaa na fimbo yangu, yeye akapiga. Siku ya tatu, jua likiwa utosini, Editha alifika pale patupu, akanyamaza kama kawaida. Na pale patupu pakajazwa.

Sauti ilitoka upande wa pili wa jiwe. Ilikuwa ya tarumbeta, lakini ililia kama mtu anayekumbuka jambo na kucheka kwa wakati mmoja. Nywele zilinisimama. Wewe ungekimbia? Mimi nilitabasamu.

Akatokea kijana wa miaka kama ishirini na mitano, amevaa koti la bendi lenye vifungo vya shaba, suruali imekunjwa, anakanyaga majini. Mikononi hakuwa na kitu.

"Binti anahesabu," alisema. "Anayehesabu hasikii."

Hakunisalimia. Vijana wa huku hata wakiwa wamelewa hawampiti mzee bila shikamoo. Niliona hilo, nikalimeza.

"Unaweza kumfundisha?"

"Mwanafunzi humsalimia mwalimu kwanza."

Editha alicheka kwa dharau. "Wewe ndiye hujamsalimia babu. Kwenu hawakukufunza?"

"Sikusemi wewe, dada. Namsema huyu kibogoyo."

Sasa angalia kosa langu. Unajua shikamoo hutolewa kwa nani: kwa aliyekutangulia. Ukimpa kijana, umemweka juu ya ukoo wako, umempa amri juu ya wote waliotoka kwako. Nilijua hivyo tangu utoto. Nikajifanya natania.

"Haya, shikamoo, mwalimu."

"Babu!" Editha alishtuka.

"Marahaba, mwanangu." Na sauti haikuwa tena ya kijana. Akainua mguu akauweka juu ya jiwe, mbele ya magoti yangu. "Wewe umesoma sekondari. Neno hilo maana yake nini?"

"Nashika miguu yako."

"Sasa mbona umeishia mdomoni?"

Niliinama nikaushika. Niamini, nimechuna ng'ombe aliyekufa siku mbili nyuma, nimeosha maiti ya kaka yangu, sijawahi kugusa kitu kama kile. Ulikuwa baridi na utelezi kama kambale. Ngozi ilicheza juu ya nyama kama ganda la ndizi iliyooza. Katikati ya vidole palikuwa na vijidudu vyeupe vinapanda juu ya kucha zangu, na harufu ya dagaa waliovunda ikaniingia hadi kooni.

Nikauachia? Hapana. Alikuwa ameshachukua tarumbeta mikononi mwa Editha na kuanza kupuliza, na ile ndiyo sauti niliyoitafuta ujana wangu wote nisiipate. Nikaendelea kushika mguu ule kama mtoto aliyeng'ang'ania titi. Hilo ndilo linalonichukiza zaidi mpaka leo, si yeye, ni mimi.

Alipomaliza alimrudishia Editha. Mdomo wa tarumbeta ulikuwa unachuruzika mate mazito, ya kijani, kama mlenda.

"Apulize bila kufuta," alisema.

Editha alishika pindo la kanga yake.

"Usifute," nikamwambia.

"Babu, kinanuka."

"Puliza!"

Ni mtoto aliyelelewa vizuri. Alifumba macho akapuliza. Pale patupu pakajaa, sauti ileile, mpaka nikatokwa na machozi. Nilipogeuka kumshukuru mwalimu, hakuwepo. Mkononi mwangu kilibaki kipande cha ngozi ya kisigino, kimelowa, bado kinajikunja.

Siku ya usaili nilisafiri naye. Nilisimama dirishani nje ya ukumbi. Alipiga wimbo, akafika pale, na walimu wakaacha kalamu zao hewani. Nilijivuna, Mungu anisamehe. Ghafla akakata. Akashusha tarumbeta, akafuta mdomo wake kwa nguvu, mara ya kwanza, mara ya pili, mara ya tatu.

"Samahani, walimu. Hicho si changu. Naomba nirudie."

Akarudia. Akapiga zile sauti zake tatu nne za woga, akaongeza mbili, akakosea, akamaliza. Nafasi akapewa mwingine.

Nilimfuata kwenye korido nikiwa na hasira. "Ungekiacha tu kiendelee!"

Aliniangalia kama anayeangalia kitu kilichotapikwa. "Kulikuwa na ulimi mle ndani, babu. Kila nikipuliza, ulikuwa unanionja. Ulianza kulekule Ngumbo. Na wewe ukaniambia nipulize."

Nimeosha mkono kwa sabuni, kwa majivu, kwa limau, kwa mafuta ya taa, harufu haitoki. Kanisani tunapotakiana amani, watu hunipungia kutoka mbali. Editha akija likizo ananipikia, ananitengea, kisha anakwenda kula jikoni peke yake. Nasikia ameomba tena usaili mwaka huu na anafanya mazoezi kila siku. Siku yenyewe hajaniambia, na sithubutu kuuliza.

Wewe mwenye mtoto au mjukuu, usimwinamie mtu yeyote kwa ajili yake kabla hujajiuliza unainama kwa ajili ya nani. Na akikuambia kitu kinanuka, usimwambie apulize. Mimi sina hata kisingizio cha pua mbovu. Harufu ile niliisikia kabla yake.