Fimbo ya Gofu kwa Mkono Uliozoea Nyundo

Siku yangu ya kwanza kwenye reli, hapa Kamina, sikupewa kazi yoyote. Nilifika atelie, karakana ya reli, nimevaa ovaroli ya kaka yangu, niko tayari kubeba hata injini, na shefu wa atelie, mzee mfupi mwenye miwani iliyofungwa kwa waya, akaniambia: "Nyosha mikono, petit." Nikanyosha, nikidhani anataka kuona kama ni safi. Akachukua kamba, akaizungusha kwenye kiganja changu, kisha akaenda nayo kwenye rundo la mbao.

Hiyo ndiyo ilikuwa desturi yetu. Kila mfanyakazi wa njia ya reli alichongewa mpini wa nyundo wa kipimo chake, na hakuna aliyemwazima mwenzake. Ukiushika, ncha za vidole zisifike kwenye kiganja. Zikifika, mpini ni mwembamba; utaukaba kama mwizi, na jioni mkono utakufa ganzi. Aliponikabidhi wa kwangu shefu alisema: "Mupini njo inafwata mukono. Siku mukono inabadirika, unarudisha mupini, natengeneza ingine. Usilazimishe mukono, unasikia?" Nikaitikia "Ndiyo, shefu," kama vijana wanavyoitikia wasichokielewa.

Nilipelekwa Kabondo-Dianda, kisha Kabongo. Kazi ilikuwa kushindilia kokoto chini ya mataruma, yale magogo yanayobeba reli, ili treni isiyumbe. Shefu wa brigadi, kikosi chetu cha Kabongo, alikuwa na kelele kuliko treni yenyewe. "Piga! Jiwe haiko mukwe yako!" Tulimcheka kisogoni. Lakini nilipoangushwa na malaria alinipakia kwenye toroli ya reli, akaisukuma mwenyewe mpaka hospitali. Mungu amlaze pema. Nikihesabu walionilea, yeye yumo.

Nikarudi Kamina, nikawa shefu wa brigadi mimi pia, na nikastaafu nikiwa na miguu mizima na mkono wa kuume usiotaka kufumba. Viungo vya vidole vilivimba. Kikombe kilinitoroka, jembe likanishinda, na kila asubuhi mke wangu, Mama Ilunga, alinifunga vifungo vya shati, polepole, kimoja kimoja. Nilimshukuru kwa subira yake. Moyoni niliogopa. Nimeishi kwa mikono hii. Ikiniacha, nabaki nani?

Aliyenitoa kitini ni jirani yetu, Ajida, mwanajeshi mstaafu wa Base, kambi ya jeshi ya hapa Kamina. Mkwe wake wa Lubumbashi alimletea mfuko wa fimbo kuukuu za gofu, naye akajitengenezea kiwanja nyuma ya nyumba: mchanga ulioshindiliwa, na makopo yamefukiwa kuwa mashimo.

"Papa Ilunga, unabakia mu kiti sawa muzigo yenye balisahabu ku gare ya treni. Kuya tucheze."

"Miye, gofu? Na hii mukono?"

"Tutaanza na fimbo ya mwisho, ile ya kusukuma mupira mu shimo. Ile haiombe nguvu."

Akanitandikia tatu nichague. Mimi, mtu wa reli, nikachukua nzito kuliko zote, nikaikaba na kupiga kama nashindilia kokoto. Mpira ukavuka shimo, ukavuka ua, ukazama kwenye mihogo ya mchungaji, jirani wa upande wa pili. Ajida alicheka mpaka akaketi chini. Ya pili ilikuwa nyembamba na nyepesi, inang'aa kama kijiko cha harusi. Hiyo ilinidai nifunge vidole hasa. Vikakataa, na mpira ukaenda kando. Ya tatu ilikuwa mbaya ya sura, ina kichwa kipana. Lakini kichwa hicho kilitulia chini chenyewe, na hata nikikosea kidogo, mpira haukupotea sana. Urefu wake pia ulinifaa: niliinama kidogo, mikono ikaning'inia bila kujivuta, macho yakawa juu ya mpira. Tatizo likabaki mahali pa kushika. Palikuwa pembamba: ili niikaze, ncha za vidole zilipaswa kufika kwenye kiganja, na vidole vyangu havikunji hivyo tena.

Hapo nikamsikia yule mzee mwenye miwani ya waya kana kwamba yuko nyuma yangu. Miaka yote hii nilikuwa nauonea haya mkono, kumbe sikuwa nimerudisha mpini! Nikaomba mpira wa ndani wa baiskeli, nikaukata kuwa utepe, nikaizungushia fimbo mpaka ikanenepa na vidole vikalala juu yake bila kukaza. Nikasukuma kwa mabega. Mpira ukatambaa, ukasita ukingoni, ukaanguka koponi. Jamani, nililia. Ajida akajifanya anatafuta kitu kwenye mihogo.

Nilirudi nyumbani najisifu. Mama Ilunga alikuwa anasonga bukari, ugali wetu. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akautazama utepe uliobaki mkononi mwangu.

"Papa, hiyo inabakia? Uniwekee ku mwiko."

"Mwiko iko na nini?"

"Mwiko haina na kitu. Ni mukono. Tangu mvua ya mwaka yenye ilipita, inaniuma."

Nikakumbuka vifungo vya shati, polepole, kimoja kimoja. Hakuwahi kulalamika hata siku moja, na bukari ilikuwa mezani kila jioni. Nikaepua sufuria, nikatafuta kamba, nikaketi mbele yake.

"Nyosha mikono, Mama Ilunga."